Bomba Namba Saba

Januari 19

Hili sijamwambia mtu. Si Baba, si Bibi Ising, wala padri nilipokwenda kuungama jana, ingawa nilikaa kimya mbele yake mpaka akauliza kama bado nipo. Bomba namba saba silipimi. Tangu lilipozikwa kwenye jaruba la mzee Estong, Mang Estong kama tunavyomwita, sijalisogelea. Namba zake nazitunga. Leo ni siku ya sita.

Kama nakiri, bora nikiri kwa mpangilio. Nilimaliza shule mwaka jana. Mwezi huu Dakta Malonzo wa kituo cha utafiti wa mpunga alimwomba mwalimu wangu wa zamani amtafutie mtu mwenye mwandiko mzuri na asiyependa maneno mengi. Mwalimu alinitaja kabla Dakta hajamaliza kusema. Kila asubuhi nazunguka majaruba kumi na mawili ya juu na katikati ya mfereji. Katika kila moja limezikwa bomba la plastiki lenye matundu ubavuni, ili maji ya ardhini yaingie. Natumbukiza fimbo yenye alama za sentimita, naona maji yako chini kiasi gani, naandika kwenye daftari la kituo.

Dakta anasema mpunga hauhitaji kuogelea msimu mzima. Uso wa jaruba ukikauka, lakini maji yako ndani ya sentimita kumi na tano chini ya udongo, mizizi inakunywa kama kawaida na mavuno hayapungui. Kwa hiyo watu wa juu wakifunga malango yao siku chache, maji yatafika kwa watu wa chini.

Watu wa chini ni sisi. Jaruba letu ni la mwisho kabisa, baada yake kuna nyasi tu. Viangazi viwili vilivyopita mpunga wetu ulikauka ukiwa umebeba mimba. Baba amesema hiki ndicho cha mwisho. Ukikauka na huu, anamuuza Seneta, nyati wetu, na anamfuata mjomba Manila kubeba saruji. Chama cha wamwagiliaji kitakutana tarehe 22 Februari kuamua kama kutakuwa na zamu ya maji, na kitaamua kwa namba zangu.

Sasa bukini. Mang Estong ana bata bukini watatu ambao hulala juu ya tuta lile lile la kupita kwenda namba saba. Ni warefu kuliko mbwa wetu. Mmoja ana jicho moja, na linamtosha. Siku ya kwanza walinikimbiza mpaka barabarani, nikapoteza kandambili. Mtu mwingine angepiga hodi aseme, Mang Estong, samahani, naomba uwafungie nipite. Maneno hayo nimeyafanyia mazoezi mbele ya Seneta. Kwa Seneta yanatoka vizuri.

Basi nachukua namba sita na namba nane, natafuta wastani, kisha naongeza nusu au napunguza nusu, ili bomba lionekane lina tabia yake.

Januari 20

Jua. Namba saba: nne na nusu. Samahani.

Januari 23

Tatizo lingine la kazi hii ni chakula. Hapa kwetu huwezi kupita mbele ya mtu anayekula bila kuitwa, na kila ninayempita saa kumi na mbili na nusu asubuhi anakula. Anasema, "Doring, njoo ule." Unasema umeshiba. Anasema tena. Unasema tena umeshiba. Mara ya tatu ndipo inapojulikana kama alikuwa anamaanisha au la. Watu wengine wanajua namna ya kukataa mara ya tatu na wakaendelea na safari. Mimi sijui. Naketi.

Leo: wali wa kukaanga na yai kwa mama wa namba tatu, Aling Puring, ndizi mbili kwa Mang Celso (namba tano), viazi vitamu namba nane, na uji wa mchele wenye tangawizi namba kumi. Namba kumi na mbili niliifikia saa tatu, nikitembea kama bibi harusi.

Kwenye daftari la kituo kuna safu ya mwisho imeandikwa Mengineyo. Dakta alisema niandike kila kitu kinachotokea, hata nikidhani hakina maana. Kwa hiyo naandika. Namba tatu: sentimita tano. Mengineyo: wali wa kukaanga, yai, Aling Puring.

Januari 24

Ijumaa. Choroko kwa Aling Puring.

Januari 28

Dakta Malonzo amekuja. Ni mama mfupi mwenye buti ndefu, anayeongea haraka kama mtu anayekimbizana na basi. Alifungua daftari langu juu ya boneti la gari.

"Hii safu ya Mengineyo," akasema. "'Samaki mkavu, nyanya, Aling Puring.' Hii ni nini, binti?"

"Ulisema niandike kila kitu, Dakta."

"Nilisema," akakubali. "Endelea."

Kisha akafika namba saba. Akavua miwani, akaivaa tena. Akafuata namba kwa kidole chini mpaka mwisho. "Hebu ona hili. Mengine yanaruka kama vyura. Hili linashuka taratibu, siku kwa siku, bila kelele. Hili ndilo bomba la kuwaonyesha wakulima."

Nikasema ndiyo.

Februari 2

Hakuna mvua. Hakuna anayeitarajia.

Februari 5

Leo Dakta alikutana na wakulima kwenye ukumbi wa kijiji ili, kwa maneno yake, wauzoee utafiti kabla ya siku ya kupiga kura. Alileta mashine ya kuonyesha picha ukutani. Alieleza kwa saa nzima. Nilielewa kila kitu na nilifurahi sana, mpaka nilipogeuka nikaona nusu ya ukumbi imelala na nusu nyingine inatazama mjusi juu ya ukuta, aliyekuwa akipanda mchoro.

Mang Celso akainua mkono. Yeye ni mtu mwema ila hawezi kukaa bila kusema. "Dakta, nimekusikia. Swali langu dogo tu. Kesho asubuhi nifungue lango au nifunge?"

"Inategemea," akasema Dakta.

"Inategemea nini?"

"Kina cha maji, aina ya udongo, umri wa mpunga."

"Sawa. Kwa kina changu, udongo wangu na mpunga wangu, nifungue au nifunge?"

"Ndiyo maana tuna mabomba."

"Bomba nimeliona. Bomba halijaniambia kitu."

Mang Estong alikuwa nyuma amekunja mikono. Jaruba lake ni la kwanza kwenye mfereji upande wa kulia, na lango lake ndilo kubwa kuliko yote. "Mimi nalima miaka thelathini," akasema. "Mpunga ni mmea wa majini. Mnataka nimnyime samaki maji nimpe barua."

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alitazama kofia yake.

Njiani kurudi nilikuwa na hasira, na kwa kuwa nikiwa na hasira siwezi kusema, nilifika nyumbani nikachukua rangi ya kucha ya Bibi Ising, ile nyekundu ya sikukuu, nikapaka fimbo yangu kuanzia alama ya kumi na tano kwenda juu. Ukitumbukiza fimbo na ikagusa maji kabla nyekundu haijazama chini ya uso wa udongo, acha lango limefungwa. Nyekundu ikizama na hujagusa maji, fungua. Basi.

Februari 6

Nimemwonyesha Mang Celso fimbo. Sikusema kitu, niliitumbukiza tu mbele yake. Akainama, akaangalia. Akaniomba nirudie. "Kumbe," akasema. "Sasa yule mama kwa nini hakusema hivyo?" Akanipa ndizi.

Februari 8

Watu wanne wamekuja kuomba rangi ya kucha. Bibi Ising ananiangalia vibaya.

Februari 9

Jumapili. Bibi alichukua daftari la kituo akiwa na miwani ya Baba, akasoma safu ya Mengineyo yote kama anasoma gazeti, akicheka peke yake. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza.

"Doring. Namba saba si kwa Choleng, mke wa Estong?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mbona hakuna chakula?"

Nikainama kuokota kitu ambacho hakikuwepo.

"Choleng huyu ninayemjua mimi? Choleng aliyemshika mkaguzi wa umeme mkono mpaka akala sahani mbili? Siku ishirini na saba hajakupa hata kipande cha muhogo?"

"Labda hanioni."

"Labda," akasema Bibi, akafunga daftari. Aliendelea kunitazama mpaka nikaenda kumwosha Seneta, aliyekwisha kuoshwa.

Februari 13

Balaa. Kapteni Delfin, mkuu wa kijiji, ametundika bango.

Kila kitu hapa kina bango la turubai. Mtoto akimaliza shule, bango. Mtu akipata leseni ya kuendesha lori, bango. Sasa limetundikwa moja mbele ya ukumbi, upana wa mita nne. Kulia kuna uso wa Kapteni akitabasamu, mkubwa kama mlango. Kushoto kuna uso wangu wa kitambulisho cha shule, mkubwa kama papai. Katikati ni mchoro wa namba saba, mstari mwekundu unaoshuka vizuri, na chini yake maandishi yenye jina langu la shule: KIJIJI CHETU, SAYANSI YETU. HONGERA TEODORA, MPIMAJI MWAMINIFU.

Niliposoma neno la mwisho nilikaa chini barabarani.

Baba alisimama mbele ya bango muda mrefu. Si mtu wa maneno, mimi nimemrithi. Akasema, "Umefanana na mama yako," akaenda shambani.

Februari 17

Jaruba letu limepasuka. Kidole changu cha shahada kinaingia mpaka mwisho. Majani yanajikunja saa nne asubuhi. Baba alipiga simu kwa mjomba, akauliza kama vibarua wanapewa viatu. Seneta alikuwa amesimama karibu akicheua, kana kwamba mazungumzo hayamhusu.

Namba saba: tisa. Siku zote nilijiambia namba moja ya uongo kati ya kumi na mbili haidhuru mtu. Sasa ile moja ndiyo iko barabarani.

Februari 20

Leo nimekwenda namba saba.

Nilichukua mwavuli wa Bibi. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba ukiufungua ghafla, ndege hudhani umekuwa mkubwa. Nilifika kwenye tuta, bukini wakainuka, nikaufungua. Wawili walisimama. Yule wa jicho moja alikuwa amenijia upande wa jicho lililokufa, hakuona mwavuli hata kidogo. Alinishika sketi. Nilikimbia, lakini kwa kuwa mwavuli ulinifunika macho nilikimbilia upande usio wenyewe, nikapita katikati ya kuku, nikaingia uani kwa Mang Estong, nikasimama mbele ya mlango wa jiko lake.

Alikuwa ameketi kwenye benchi na kikombe cha kahawa. Juu ya kichwa chake, likining'inia kwa waya kwenye dari ya baraza, lilikuwa bomba la plastiki lenye matundu. Kila tundu lilikuwa limetoa vitunguu majani, vya kijani, vimenyooka vizuri. Ubavuni, kwa wino wa kituo, kulikuwa na namba 7.

Mang Estong alitazama bomba. Mimi nilitazama bomba. Bukini alinitazama mimi.

"Lilikuwa limelegea," akasema Mang Estong.

"Ndiyo, Mang."

"Lililegea lenyewe."

"Ndiyo, Mang."

"Siku ile ile ya kwanza." Akanywa kahawa. "Basi kila nikisikia Dakta anasoma namba za bomba langu, najiuliza huyu binti wa Ponso wa jaruba la mwisho anaona nini. Nikasema labda ni mchawi."

Hapo Aling Choleng akatoka jikoni na kisu, uso ukang'aa. "Ni Doring huyu? Siku zote unapita mbali kama tuna ukoma. Njoo ule." Hakungoja mara ya pili wala ya tatu. Alikata vitunguu kutoka tundu la chini la namba saba, akavitupia kwenye mayai, akaniwekea sahani. "Na hili bomba alilonitengenezea mume wangu, umeliona? Ametoboa matundu yote mwenyewe, eti zawadi ya mwaka wa thelathini wa ndoa yetu."

Mang Estong alikuwa anasoma sehemu ya chini ya kikombe.

Nilikula. Vilikuwa vitunguu vizuri sana, lazima niseme ukweli.

Aling Choleng aliporudi ndani, mumewe akaniinamia. "Niliogopa," akasema taratibu. "Nilijua jaruba langu lina maji kuliko ya wote. Bomba lingenisema. Wangefunga lango langu kwanza." Akakwaruza benchi kwa ukucha. "Lakini wewe nawe umetunga. Kwa hiyo hivi. Ukinyamaza, nami nanyamaza. Siwezi kupinga mchoro wenu, nitasema nini? Zamu itapita, baba yako atapata maji. Kila mtu atakuwa na chake."

Kisha akawafungia bukini bandani ili niondoke salama. Kumbe ilihitaji dakika moja tu.

Kwenye daftari nimeandika: Namba saba: sikupima. Mengineyo: mayai, vitunguu majani.

Februari 21

Nimefikiria siku nzima. Kunyamaza ndicho kitu pekee ninachokiweza kuliko watu wote wa kijiji hiki. Nikikifanya kesho kwa saa moja tu, Seneta anabaki, Baba anabaki. Nikisema, Mang Estong na wenzake watasema utafiti wote ni uongo, na watakuwa na haki.

Lakini msimu ujao je? Watafunga na kufungua malango kwa kufuata mstari nilioutunga kitandani. Mpunga wa mtu ukifa kwa sababu yangu, nitaenda kumwambia nini, kwamba kulikuwa na bata?

Namba saba: sikupima. Leo ni mara ya pili kuandika hivyo, na ni mara ya pili kuandika ukweli.

Februari 22

Ukumbi ulijaa mpaka nje. Wanawake walikuja na masufuria, maana mkutano bila chakula hapa ni msiba, na hata msiba una chakula. Dakta alikuwa amevaa viatu badala ya buti. Aliwasha mashine, na ukutani ikatokea namba saba, kubwa kuliko kwenye bango.

Hakuongea saa nzima safari hii. Alisema mabomba yote yanaonyesha majaruba ya juu yanaweza kukaa siku tano hadi saba bila maji, kisha akashika fimbo yangu yenye rangi ya kucha akasema, "Na hii itawaambia siku ya kufungua." Watu wakaitikia kwa vichwa. Kila mtu alimtazama Mang Estong, wakingoja apinge. Alikaa kimya. Kapteni Delfin alishangaa mpaka akamuuliza kama anaumwa.

"Basi tupige kura," akasema Kapteni. "Wanaokubali zamu..."

Nilisimama. Watu walidhani naenda chooni, wakanipisha njia. Ilibidi nisimame pale pale katikati ya njia waliyonipisha, jambo lililokuwa baya zaidi.

"Namba saba iondolewe," nikasema.

"Sema kwa sauti, mwanangu," akasema Kapteni.

"Namba saba iondolewe. Namba zake nimetunga mimi. Siku thelathini na saba."

Kupitia dirishani niliona mgongo wa bango letu ukipepea. Dakta alikuwa ameshika fimbo kama mtu aliyepewa kitu asichokijua. Baba alikuwa nyuma kabisa, na sikuthubutu kumtazama.

"Kwa nini?" akauliza Dakta. Hakuwa mkali. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa habari za mgonjwa.

"Bukini," nikasema.

Mtu akacheka kwa pua, na ukumbi wote ukafuata. "Mimi mwenyewe siendi kule," akasema Mang Celso. "Yule wa jicho moja alimng'ata mtu wa posta." Lakini kicheko kilipoisha, ni yeye yule akauliza lile nililolihofia. "Sawa. Lakini kama ametunga moja, tutajuaje hakutunga zote?"

Minong'ono ikaanza. Nilimwona mtu wa namba tisa akimnong'oneza wa namba kumi. Kapteni akashusha mkono aliokuwa ameuinua. Nikajua nimemuuza Seneta mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Ndipo Aling Puring akasimama, mwiko mkononi. "Kwangu amekuja kila siku," akasema. "Mimi ndiye niliyemlisha. Hakuna aliyekuja kula kwangu nikamsahau."

"Aling Puring, hii ni sayansi," akasema Kapteni.

"Basi uliza kisayansi."

Dakta akanigeukia, kisha akageukia daftari. Nikaona uso wake ukibadilika taratibu. Akafungua safu ya Mengineyo. "Namba tatu," akasema. "Februari saba."

"Februari saba ni siku gani?"

"Ijumaa."

"Choroko. Ijumaa kwangu ni choroko. Na dagaa."

Dakta akasoma kwa sauti: "'Choroko, dagaa, Aling Puring.'"

Ukumbi ukaguna. "Jaribu mimi," akasema mama wa namba nane. Dakta akampa tarehe. "Viazi vitamu. Kimoja kilikuwa kimeungua, nikamwomba radhi." Dakta akasoma: "'Viazi vitamu viwili, kimoja kimeungua.'" Sasa kila mtu alitaka kujaribiwa. Walipanga mstari. Namba kumi, uji wa tangawizi, ndiyo. Namba moja, mkate na kahawa, ndiyo. Mang Celso akasema tarehe kumi alinipa kuku. Dakta akasoma: "'Ndizi moja.'"

"Kuku gani?" akauliza mkewe.

Mang Celso akakaa.

Majaruba kumi na moja, na hakuna hata moja lililopungukiwa na ushahidi. Kisha Dakta, ambaye ni mtafiti na hawezi kujizuia, akasoma namba saba. "Siku thelathini na saba. Mengineyo: hakuna. Hakuna. Hakuna."

Aling Choleng alisimama, uso mwekundu. "Mmesikia wote," akasema. "Mtoto wa watu amepita jarubani kwangu siku thelathini na saba kwa njaa, kwa sababu ya bata wako, Estong."

"Twendeni tukalione hilo bomba sasa hivi," akasema mtu. "Tulipime wenyewe."

Watu wakaanza kusogeza viti. Mang Estong alikuwa amegeuka rangi ya chokaa. Alinitazama. Nilijua anachosubiri, na wengine wangesema ni haki yake. Nikasema, kwa sauti niliyokuwa sijui kuwa ninayo, "Bomba langu nitalipima mimi, kesho saa kumi na mbili asubuhi. Ndiyo kazi yangu."

Mang Estong akainuka taratibu. "Hakuna haja ya kwenda," akasema. "Nakubali zamu. Lango langu nitalifunga kwanza, kesho, kabla ya jua."

Kapteni akamkodolea macho. "Umeshawishika na takwimu?"

"Na fimbo," akasema Mang Estong. "Fimbo naielewa. Na mtu anayeandika hata kiazi kilichoungua, naweza kumwamini kwenye maji."

Mikono ikainuka. Sikuihesabu, ila wa Baba niliuona.

Wakati watu wanakula, Dakta alinivuta pembeni. Nilikuwa nimeshaandaa fimbo na daftari kumrudishia. "Namba saba ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote," akasema. "Nilipaswa kujua. Shamba la kweli halina mstari uliotulia hivyo." Akakata ile safu kwa wino, mstari mmoja, akaweka sahihi yake pembeni. Kisha akaangalia fimbo mkononi mwangu. "Kesho saa kumi na mbili uko kazini. Na hii rangi inaitwaje?"

Februari 23

Lango la Mang Estong limefungwa. Bukini wako bandani. Namba saba liko mahali pake jarubani, limesimama wima, udongo umeshindiliwa pembeni kwa uangalifu. Kutoka tundu moja karibu na juu limechomoza jani jembamba la kitunguu.

Namba saba: sufuri. Maji yalikuwa juu ya udongo, yamejaa tele. Mengineyo: mayai.

Machi 3

Jaruba la Mang Estong limechukua siku nane kushuka mpaka kumi na tano. Mpunga wake umesimama kijani. Anampitisha kila mtu akauone, kana kwamba zamu ilikuwa wazo lake.

Machi 5

Maji yamefika kwetu.

Baba aliyasikia kabla ya kuyaona. Yalikuja na majani, povu na kandambili ambayo naamini ni yangu. Yakafika karibu na lango letu, yakasimama. Tulingoja. Baba akapanda tuta kuangalia kama juu kuna aliyefungua lango kwa siri, na nilianza kulia. Kumbe Seneta alikuwa amelala ndani ya mfereji, pua nje, amefumba macho, amezuia maji yote. Ilituchukua nusu saa kumtoa. Baba alimwita majina ambayo sitayaandika, na katikati ya matusi akaanza kucheka. Sikumbuki lini nilimsikia akicheka hivyo.

Machi 19

Mpunga wetu umechanua. Hakuna zaidi.

Aprili 23

Tumevuna jana. Baba hajampigia mjomba simu tena, na Seneta amebeba magunia akijiona ndiye aliyelima.

Msimu wa bango nao umekwisha, kwa hiyo Kapteni ametupa turubai tukaushie mpunga. Limetandazwa barabarani mbele ya nyumba. Uso wa Kapteni umefunikwa mpaka puani, wangu umefunikwa wote, na mchoro wa namba saba hauonekani kabisa chini ya mpunga wa kweli. Bibi anaugeuza kwa miguu, kucha zake nyekundu. Dakta alimletea chupa tano.

Dakta huyo huyo alikwenda namba saba leo kung'oa mabomba. Akainama. "Hiki ni nini?"

"Kitunguu, Dakta."

"Kimefikaje ndani ya bomba langu?"

Mang Estong alikuwa juu ya tuta, amesimama kama bukini.

"Sijui, Dakta," nikasema.

Basi nimebaki na uongo mmoja tu, na huo si wa namba. Nimeuandika hapa kwa sababu sikuweza kukaa nao peke yangu. Aling Choleng bado anaamini kile kifaa mumewe alikitengeneza kwa mikono yake, kikavunjwa na upepo, na kila akinikatia vitunguu alivyopanda kwenye kopo anasikitika kwamba vile vya zawadi vilikuwa vitamu zaidi. Ukipita kwake naye akakuita ule, kaa, kula, sifia. Vilikoota usiulize. Nimekuambia wewe tu. Usimwambie mtu.